Mpaka Viazi Viive

Kidoti alijiambia kwamba anaoka viazi kwa sababu ana njaa. Alijiambia hivyo akiviosha bombani, akivisugua kwa brashi mpaka ngozi zao nyekundu zikang'aa, akivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Lakini mtu mwenye njaa Jumapili mchana hukaanga yai, akala na mkate, akajilaza. Hamwagi mfuko mzima wa viazi vitamu mezani, hakwangui jibini bakuli likajaa, hakatakati majani ya kitunguu membamba kama nyuzi. Tena mtu mwenye njaa hakimbilii kioo kila anapoosha kiazi.

Ukweli ni kwamba asubuhi ile Fundi alikuwa amempigia simu.

Tangu waachane hakuwa ameisikia sauti ile ila ndotoni, na ilipomwita, "Kidoti," aliitika "Abee" kabla hajakumbuka kwamba alishaapa hataipokea tena namba hiyo.

"Samahani kukusumbua," Fundi alisema. "Nasafiri leo. Kampuni imenihamishia mji mwingine. Kuna jengo refu linajengwa huko, wanataka mtu wa kusimamia lifti zake mpaka mwisho. Basi langu ni la jioni. Sasa nimefunga vitu vyangu, nikaona drili haipo. Nadhani niliiacha kwako siku ile niliyokufungia rafu ukutani."

"Ipo."

"Naweza kupita kuichukua? Nitasimama mlangoni tu, kama hutaki niingie."

Jibu la busara lilikuwepo, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: nitaiacha kwa mlinzi getini. Badala yake Kidoti alijisikia akisema, "Pita saa tisa. Nipo."

Tangu hapo hakuketi.

*

Aliyewahi kumjua Fundi kabla yake ni dada yake wa tumbo moja, na hapo ndipo penye kidonda.

Dada ndiye aliyekuwa mchumba wa Fundi. Fundi alikuwa akija nyumbani kwao jioni baada ya kazi, amevaa shati safi lakini kucha bado zina weusi wa grisi, akiketi kwenye kochi la Mama kama mtu aliyealikwa kwenye usaili. Kidoti ndiye aliyekuwa akimpelekea juisi. "Karibu, shemeji." "Ahsante, shemeji." Basi, maneno yao yaliishia hapo. Kisha siku moja Dada akamketisha Fundi kwenye kochi lile lile, akamwambia moyo wake uko kwingine. Hakumficha. Baada ya muda mfupi Dada akaolewa na mfamasia mmoja mpole, na jina la Fundi likawa halitajwi nyumbani.

Zikapita siku nyingi. Kidoti alishahama kwao, amepanga nyumba ndogo ghorofa ya pili, anafanya kazi kwenye duka la miwani. Fundi akaingia pale siku moja ameshika fremu iliyokatika katikati, macho ameyafinya kama anayetazama jua. Hakumtambua. Bila miwani hakumtambua mtu yeyote.

"Keti hapa, nikupime upya," Kidoti alimwambia.

Kazi ile ina sehemu moja ambayo haina ujanja. Ili lenzi zikae sawasawa, lazima upime nafasi iliyopo kati ya mboni na mboni, na huwezi kuipima bila kuketi uso kwa uso na mtu na kumtazama ndani ya macho. Kidoti alishawatazama hivyo wazee, watoto na maaskari bila hata kukohoa. Siku ile aliisahau namba aliyoisoma kwenye rula, akaanza kupima upya.

Miwani ilipokuwa tayari alimvalisha yeye mwenyewe, akairekebisha mikono ya fremu nyuma ya masikio, akarudi nyuma kidogo kuitazama imekaaje. Fundi akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Siku zote zile nakuja kwenu, sikuwahi kukuona."

"Ulikuwa na miwani mibovu."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kile ndicho kilichowaponza.

*

Fundi alipobisha hodi ilikuwa saa tisa na kitu. Kidoti alifungua mlango, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakamtoroka kama kuku waliofunguliwa banda.

Alikuwa amekonda. Shati la rangi ya samawati lilimkaa kama limeazimwa. Miwani ni ile ile, na nyuma yake macho yale yale, yaliyomtazama mara moja kisha yakakimbilia sakafuni.

"Karibu."

"Nimeshakaribia. Drili iko wapi? Nisikucheleweshe."

"Iko mezani. Ingia, usisimame kama mtoza kodi."

Akaingia. Akavua viatu bila kuambiwa na kuvipanga pembeni mwa mlango, mahali pake pa siku zote, kisha akashtuka alipoona amefanya hivyo. Drili ilikuwa juu ya meza, imefutwa vumbi, waya wake umezungushwa vizuri. Fundi hakuigusa. Alikuwa ameshaona jikoni.

"Unaoka?"

"Nilikuwa na njaa."

Alisogea mpaka mlangoni pa jiko. Aliona viazi vimepangwa kwenye trei, vimeshatobolewa kwa uma kila upande ili visipasuke, vimepakwa mafuta na chumvi. Akanyoosha mkono akagusa mlango wa oveni. Ulikuwa wa baridi.

"Hujaviweka."

"Nilikuwa naelekea kuviweka."

Fundi alimgeukia. Ni yeye aliyemfundisha pishi hili, yeye kapera asiyejua kupika chochote kingine cha maana, na wote wawili walijua kwamba viazi vinene namna ile haviivi chini ya saa nzima. Mtu anayetaka mgeni achukue chake aende zake hangevingojesha nje ya oveni mpaka hodi ipigwe.

"Kidoti," alisema polepole.

"Usiseme kitu."

"Sijasema."

"Basi washa hiyo oveni. Mimi kile kitufe chake bado kinanishinda."

Aliiwasha. Kitufe kile hakikuwa na tatizo lolote.

*

Walikuwa wakipika hivi kila Jumamosi. Fundi angetoka kazini mikono imejaa grisi ya nyaya za lifti, akainawa kwa sukari iliyochanganywa na sabuni ya vyombo, akasugua mpaka viganja vikanukia peremende. Kisha angejifunga kanga ya Kidoti kiunoni, na kazi ikaanza. Jumapili ile pia alinawa. Kidoti alisogeza kopo la sukari karibu na bomba bila kutazama, na yeye akachota bila kuomba, kisha akajifunga kanga.

"Nyama nikaange mimi?" aliuliza.

"Kaanga. Mimi nikikaanga unasema nimeiunguza."

"Huwa unaiunguza."

"Ndiyo maana nasema kaanga wewe."

Jiko lilikuwa dogo, la kupishana kwa ubavu. Kitunguu kikaingia kwenye mafuta kikalia, kitunguu saumu kikafuata, kisha nyama ya kusaga, na Fundi akaivunjavunja kwa mwiko mpaka ikawa punje punje. Kidoti alikata nyanya. Kila alipotaka kufikia chumvi ilimbidi apitishe mkono mbele ya kifua cha Fundi, na kila mara Fundi alizuia pumzi. Kidoti alijua, kwa kuwa na yeye alikuwa anaizuia yake.

"Jengo lenyewe ni refu sana?" aliuliza, ili tu pasiwe kimya.

"Refu. Ukiwa juu huoni watu, unaona vitone tu."

"Utakaa mpaka lini?"

"Wanasema mwaka. Majengo hayajawahi kuisha kwa muda waliosema." Aligeuza nyama. "Nilipewa nafasi ya kukataa."

"Mbona hukukataa?"

Fundi alipunguza moto. Akauweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, na alipozungumza alizungumza na sufuria.

"Kila siku naingia kwenye lifti za mji huu. Mlango ukifunguka, hata kama ni ghorofa ya ofisi ambayo huna shughuli nayo maishani, naomba nikukute wewe umesimama pale. Kila mlango. Unafunguka, si wewe. Unafunguka, si wewe. Nimechoka, Kidoti. Nikasema niende mji ambao najua kabisa wewe hupo, labda nitaacha kukutafuta."

Kisu kilitulia juu ya ubao. Kidoti alitazama nyanya aliyoikata, maji yake yakitiririka kuelekea ukingo wa meza, na hakuyazuia.

"Ulinipigia simu ukasema yameisha," Fundi aliendelea. "Nikakuuliza swali moja tu."

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza, unayesema ni wewe au ni mama yako?"

"Nikasema ni mimi."

"Haya. Nakuuliza tena. Naondoka, hakuna kitakachoharibika sasa. Alikuwa nani?"

Alikuwa Mama. Mama hakupiga kelele siku alipojua. Angepiga kelele Kidoti angempigia zake. Alikaa tu kitandani, akavua kilemba chake, akasema kwa uchovu: "Magauni ya dada yako umeyavaa tangu utotoni, mwanangu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Sasa na mchumba wake pia? Watu watasema nimezaa mabinti wawili wa kupokezana mwanamume mmoja. Na dada yako je? Ana mimba changa. Akijua atalia, na machozi hayo yatakuwa yako." Mpaka leo maneno yale Kidoti alikuwa anayasikia kila anapofunga kabati la nguo.

"Sikutaka Dada alie," alisema hatimaye.

Fundi hakumlazimisha. Alichukua kitambaa akafuta maji ya nyanya pale mezani, polepole, mpaka kwenye kidole cha Kidoti, na hapo kitambaa kikasimama.

Harufu ya viazi ilikuwa imeanza kutoka. Sukari yao ilikuwa inachuruzika kupitia matundu ya uma, inadondoka kwenye trei, inaganda kuwa rangi ya asali iliyoungua. Kidoti aliinua uso. Hakuna rula safari hii, wala lenzi ya kusingizia. Walitazamana kama walivyotazamana siku ile dukani, ila sasa kila mmoja alijua anachotafuta na mahali kilipo.

"Vimebakiza kama robo saa," Fundi alinong'ona.

"Natamani vigome kuiva."

Mlango ukagongwa.

"Kidoti! Nifungulie! Harufu hiyo imenivuta tangu kwenye ngazi!"

Alikuwa Dada.

*

Kwa muda mfupi wakabaki kama wezi walioshikwa na tochi.

"Nijifiche?" Fundi aliuliza.

"Wapi? Kwenye oveni?"

"Kidoti, mjamzito anasimamishwa nje!" Dada alipiga kelele. "Mume wangu yuko zamu, friji yangu ina maji na limau tu, na mtoto huyu anakula kama mpagazi. Fungua!"

Kidoti alifungua. Dada aliingia tumbo likitangulia, mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine mkoba. Alimbusu mdogo wake shavuni, akapiga hatua kuelekea jikoni, akasimama. Pale mlangoni mwa jiko alisimama mwanamume aliyewahi kumvisha pete, amejifunga kanga ya maua kiunoni, ameshika mwiko.

Nyama ilichemka peke yake.

"Hujambo," Fundi alisema.

"Sijambo." Dada alimtazama yeye, akamtazama Kidoti, kisha akatazama viatu vilivyopangwa mlangoni na drili mezani. Alikuwa na akili nyepesi tangu utotoni. Hakuwahi kuhitaji kuelezwa jambo mara mbili. Akavuta kiti, akaketi taratibu. "Kumbe yalikuwa ya kweli."

"Dada, amekuja kuchukua drili tu. Anasafiri. Mimi na yeye yaliisha zamani, tena mimi ndiye niliyeyamaliza, kwa hiyo tafadhali usilie, Mama alisema..."

"Mama alisema nini?"

"Kwamba ukijua utalia."

"Mama hakuniuliza." Dada alivua viatu vyake kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa kingine, kwa kuwa kuinama kulishamshinda. "Alikuja kwangu akasema, 'Kuna maneno ya mtaani, usiyasikilize, nimeshayazima.' Nikajua tu. Nikasubiri uje uniambie mwenyewe. Hukuja."

"Niliogopa."

"Ulifanya vizuri kuogopa." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Sitaki kukudanganya, mdogo wangu. Iliniuma. Nampenda mume wangu mpaka nakera watu, hilo unalijua. Lakini nilivyosikia Fundi amepata furaha kwako, kuna kitu hapa kilinichoma." Akagusa kifua. "Mtu unamwacha kwa mikono yako miwili, halafu unataka abaki pale pale ulipomwacha, anahuzunika. Ubaya gani huo! Nikasema, acha Mama ayazime. Nikanyamaza. Nikaona unakonda, nikanyamaza. Ukawa ukija nyumbani unacheka kwa meno tu, nikanyamaza."

Kidoti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Machozi yalimshuka bila yeye kukunja uso.

"Sasa nani analia?" Dada aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikavunjika katikati. "Ona mambo! Njoo hapa."

Wakakumbatiana kwa shida, tumbo likiwa kati yao, Kidoti amepiga magoti sakafuni na uso ameuficha shingoni kwa dada yake. Fundi aligeukia dirishani akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanga muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Ni Dada aliyewazindua. Alinusa hewani kama paka.

"Vinaungua hivyo!"

Havikuungua. Fundi aliifungua oveni na mvuke ukamfunika miwani. Viazi vilikuwa vimelegea, ngozi zao zimekunjamana na kuachana na nyama ya ndani, ukivibonyeza vinazama kama mto wa kulalia. Aliviweka kwenye sahani, akavichana kwa urefu, akazisukuma ncha mbili za kila kimoja kuelekeana mpaka vikafunua midomo, ndani rangi ya machungwa, vinafuka moshi. Kidoti alijifuta uso akaja upande wake. Alitia siagi, akaponda kwa uma pale pale ndani ya ganda, akatia chumvi. Fundi akajaza nyama. Kidoti akamwagia jibini. Mikono yao ilipishana bila kugongana, na hakuna aliyemwelekeza mwenzake. Wakavirudisha ndani kidogo jibini lilainike, wakavitoa, wakaweka kijiko cha mtindi baridi juu na majani ya kitunguu.

Dada alikuwa anawatazama muda wote ule. Alitazama mikono yao, kisha nyuso zao, na ni kama alikuwa anaona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikisikia tu.

"Mimi na wewe hatukuwahi hata kuosha kikombe pamoja," alimwambia Fundi.

"Kwenu nilikuwa naogopa kusogeza hata mto wa kochi."

"Ulikuwa unaboa kweli kweli."

"Wewe ulikuwa unasinzia nikiongea."

"Ulikuwa unaongea habari za nyaya!" Dada alicheka mpaka akashika tumbo, na Fundi akacheka, na jiko lile dogo likapumua. Alipokwisha kucheka Dada alivuta sahani yake karibu, akakata kipande, akakishikilia juu ya uma. Alikohoa kidogo. "Haya, keti ule, shemeji."

Neno lilitoka kwa kujikwaa. Lakini lilitoka. Fundi aliketi taratibu kama mtu anayeogopa kiti kitavunjika.

*

Walikuwa hawajafika mbali simu ya Dada ikaita. Aliitazama, akawageuzia kioo waone. Mama.

"Shikamoo, Mama... Niko kwa Kidoti... Nakula... Simu yake? Sijui, labda ipo chumbani. Yupo hapa mbele yangu." Alimtazama mdogo wake. "Ongea naye mwenyewe."

Akaiweka simu mkononi mwa Kidoti kabla hajakataa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nakupigia tangu mchana hupokei. Nimeshaanza kuwaza mabaya. Unaumwa?"

"Siumwi." Mbele yake Fundi alikuwa ameweka uma chini. "Mama, Fundi yuko hapa."

Upande wa pili redio ilikuwa inasikika. Ikazimwa.

"Fundi gani?"

"Huyo huyo, Mama."

"Na dada yako yupo hapo hapo?"

"Yupo. Yuko kwenye kiazi cha pili."

Dada alipunga uma hewani kama vile Mama angemwona.

"Mama, naomba unisikilize, halafu utanigombeza," Kidoti alisema. Alikuwa anaongea na simu lakini macho yake yalikuwa kwa Fundi, na hakuyatoa. "Ulinikataza nikakutii. Ulipouliza kama nimeshasahau, nikakuambia nimesahau. Sijasahau. Nikiamka namkumbuka. Nikipima macho ya watu dukani nayatafuta yake. Jumamosi sipiki, nalala mchana ili siku iishe. Leo anasafiri, anakwenda mbali, na sijui kama atarudi. Nikimwacha aende akidhani nimesahau, nitakuwa nimemdanganya yeye, nimekudanganya na wewe. Sitaki. Ndiyo hivyo, Mama. Nimemaliza."

Kidoti alisikia pumzi za Mama zikiingia na kutoka. Aliwaza kilemba kikivuliwa, kikikunjwa mapajani. Fundi hakupepesa macho.

"Basi lake ni saa ngapi?" Mama aliuliza.

"Jioni hii hii."

"Amekula?"

"Anakula, Mama. Yaani, alikuwa anakula."

"Mwambie amalize. Mtu hasafiri na tumbo tupu." Mama alikohoa. "Sijasema ndiyo."

"Najua, Mama."

"Nimeuliza tu kama amekula."

"Najua."

"Haya. Msalimie." Na simu ikakatwa, haraka, kama iliyokuwa inamuunguza mkono.

Kidoti aliiweka mezani. Alitaka kusema kwamba Mama anasalimia. Haikuwa lazima. Fundi aliuchukua uma wake, akakata kipande, akala. Akakata kingine. Alimaliza sahani nzima kama alivyoagizwa, machozi yakimwingia kwenye mtindi, na Dada kwa mara ya kwanza maishani mwake alijifanya haoni.

*

Teksi ilikuwa inangoja getini, begi alilokuwa ameliacha kwa mlinzi limeshawekwa nyuma. Fundi alibeba drili kwapani. Kidoti alimsindikiza kwa miguu, hatua za kuvuta, kama njia ile fupi ingerefuka wakitaka.

"Nimeshasaini," Fundi alisema. "Ningejua jana..."

"Ungejuaje, na mimi mwenyewe sikujua?"

"Mwaka, Kidoti."

"Umesema majengo hayaishi kwa muda waliosema."

"Hili nitalibeba mgongoni liishe." Alisimama, akamgeukia. "Nikirudi sipiti kwako kwanza. Naenda na wazee wangu moja kwa moja kwa mama yako, naketi kwenye lile kochi. Safari hii nitaongea habari za watu, siyo za nyaya."

Kidoti alitaka kucheka, ikatoka pumzi tu. Aliinua mikono, akairekebisha miwani yake iliyokuwa imeinama upande mmoja, akapitisha vidole nyuma ya masikio yake kama afanyavyo dukani. Lakini hakurudi nyuma kuitazama imekaaje. Aliviacha vidole pale, kwenye joto la shingo yake, na Fundi akainamisha paji lake la uso likagusa la kwake. Shati lake lilinukia kitunguu saumu na sukari. Kidoti alivuta ile harufu mpaka mwisho wa kifua, akaizuia ndani.

Dereva alipiga honi kwa adabu.

"Kaka," aliita, "basi halijui mapenzi."

Fundi aliingia. Alishusha kioo, akatoa mkono nje, na Kidoti akaushika, akatembea sambamba na gari, kisha akawa anakimbia kidogo, mpaka vidole vikateleza. Teksi ilipita mbele ya duka la mikate, ikasubiri lori lipite, ikakata kona. Barabara ikabaki na watu wengine wenye shughuli zao.

Alisimama pale. Mwaka ulikuwa mbele yake, haujaguswa hata ukingo, na kwa mara ya kwanza tangu siku aliyompigia Fundi simu kumwambia yameisha hakutaka kulala ili upite. Aliutaka wote, siku kwa siku, kwa kuwa kila siku ingekuwa inamleta.

"Kidoti!" Dada aliita kutoka dirishani juu. "Panda ule, kiazi chako kinapoa!"

"Acha kipoe, Dada," alijibu, lakini taratibu, kwa sauti ambayo haikufika hata ghorofa ya kwanza. Bado alikuwa anaitazama kona.